Kalenda ya Dola Kumi

Mwezi wa Machi mwaka 2005 ulikuwa wangu. Chuo nilichosomea, huko magharibi mwa Texas, kilikuwa na mtindo wa kutoa kalenda ya wanamichezo wake kila mwaka na kuiuza dola kumi kwenye duka la chuo, hapo hapo palipopangwa fulana na vikombe vya kahawa. Januari alikaa jamaa wa futiboli yao ile ya kuvaa helmeti, Februari msichana wa mpira wa kikapu, na Machi, msimu wa riadha ya nje unapofunguka, nikakaa mimi. Mdomo wazi, mate yamenikaukia kidevuni, magoti kama vifundo vya muwa. Chini ya picha jina langu lilikosa herufi moja.

Nilisimama mbele ya rafu ile kwa muda. Kisha nikachukua moja nikapanga foleni. Msichana wa kaunta akaitazama kalenda, akanitazama mimi, akacheka: "Si ni wewe huyu!" Nikakubali kwamba ni mimi. Akanidai dola kumi na senti themanini na tatu, maana Texas hata sura yako mwenyewe inatozwa kodi.

Kalenda ilimfikia mama baada ya wiki tano. Akaitundika sebuleni, na iko pale hadi leo. Kwa mama, mwaka 2005 haujawahi kufika Aprili.

Nimeikumbuka kwa sababu ya mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ambaye sasa anakimbia katika chuo kimoja cha huko huko Marekani. Majuzi alinitumia ujumbe wa sauti saa tisa usiku. Alianza kwa kunisalimu, akaulizia mvua, ng'ombe na shule ninakofundisha, nami nikajua hapa kuna jambo. Mtu hapigi salamu ndefu hivyo kutoka ng'ambo bure. "Mjomba," akasema mwishowe, "kuna watu wanataka kunilipa niweke picha. Je, nitafukuzwa?"

Hilo swali, nitafukuzwa, ndilo lililoninyima usingizi. Maana nami niliwahi kuliuliza, maneno yale yale.

Julai 4, 2004. Sikuwa na nauli ya kurudi nyumbani likizo, kwa hiyo nilibaki chuoni nikipiga deki ukumbi wa mazoezi kwa dola 5.15 kwa saa, kima cha chini cha mshahara cha serikali yao wakati huo. Mji wa jirani ulikuwa na mbio za kilomita kumi za kuadhimisha uhuru wao. Kocha akaniruhusu. "Kimbia," akasema, "lakini pesa usiguse." Nikakimbia, nikamaliza wa kwanza. Nyuma yangu, kama dakika nne hivi, akaja mzimamoto wa mji ule, mtu mnene kifuani, uso umekuwa mwekundu kama nyanya.

Zawadi ilikuwa dola 400. Walitoa ile hundi ya kadibodi kubwa kama mlango, ya kupigia picha, na mama mmoja mwenye maikrofoni akaniita jukwaani. Nikamwambia siwezi kuipokea. Akadhani sijui Kiingereza. Akarudia polepole, kwa sauti ya juu, akinionyesha hundi kisha akinigusa kifua, kama mtu anayemfundisha mtoto sehemu za mwili. Umati ukapiga makofi kunitia moyo. Nikatikisa kichwa. Mwisho nikapewa medali na chupa ya maji, na mlango ule akabebeshwa mzimamoto.

Alinifuata hadi penye magari. Alikuwa ameshapewa bahasha yenyewe, akaifungua na kuhesabu noti za dola mia, moja, mbili, akaninyooshea. "Nusu yako. Wewe ndiwe uliyeshinda, bwana." Nikaweka mikono nyuma, kama mtoto anayekwepa kiboko. Dola mia mbili wakati ule zilikuwa zaidi ya shilingi elfu kumi na tano za Kenya. Nyumbani dada yangu alikuwa kidato cha tatu na wiki hiyo hiyo alikuwa amerudishwa kwa ajili ya karo. Ndiye mama wa huyu kijana.

Mzimamoto hakunielewa, lakini alikuwa mtu mwema, akanipeleka kula mbavu za kuchoma. Jumatatu nikamsimulia kocha. "Nani alilipa?" akauliza. Nikasema yeye. Kocha akafunika uso kwa viganja, akakaa hivyo kidogo, kisha akasema: "Hilo sijalisikia." Ndipo nilipomuuliza kama nitafukuzwa.

Kwa wasioujua mfumo ule: michezo ya vyuo vya Marekani haifanani na michezo ya vyuo vyetu, ambako timu inapanda basi bovu kwenda kucheza mbele ya watu arobaini. Kule kuna viwanja vya watu laki moja na mikataba ya televisheni ya mabilioni, na katika majimbo mengi mfanyakazi wa umma anayelipwa kuliko wote, gavana akiwemo, ni kocha wa futiboli au wa kikapu. Shirika linalosimamia sehemu kubwa ya mambo hayo linaitwa NCAA, na kwa zaidi ya miaka mia moja kanuni yake kuu ilikuwa kwamba mchezaji ni ridhaa. Atapewa masomo, chakula na pa kulala. Pesa, la.

Kanuni hiyo ilichungwa kwa namna ambayo ukiisimulia nyumbani watu wanadhani unatia chumvi. Kwa miaka mingi chuo kiliruhusiwa kuwapa wachezaji ile mikate ya duara yenye tundu katikati, wakati wowote. Ukiupaka jibini laini, basi umekuwa mlo, na mlo wa ziada ni kosa. Mwaka 2010 mchezaji wa futiboli wa chuo cha Georgia, A.J. Green, alifungiwa mechi nne kwa kuuza jezi yake mwenyewe dola elfu moja, huku jezi za namba yake zikiuzwa madukani bila yeye kupata hata senti. Na sisi kila Agosti tulikalishwa ukumbini kutia saini rundo la fomu. Mojawapo ilisema jina na picha yangu vinaweza kutumika kutangaza mashindano. Nilitia saini bila kusoma. Mtu aliyepelekwa Amerika kwa harambee hasomi fomu. Kijijini kwetu jogoo mmoja alipigwa mnada mara tatu, kila anayemnunua anamrudisha auzwe tena, mpaka nauli ikatimia. Ningewezaje kurudi niwaambie wenye jogoo kwamba nilibishana na karatasi?

Hata neno lenyewe wanalolipenda, "mwanafunzi-mwanamichezo", lilizaliwa mahakamani, au tuseme kwa kuiogopa mahakama. Mwaka 1955 mchezaji wa chuo kimoja cha Colorado alifariki baada ya kuumia kichwa uwanjani. Mjane wake akadai fidia kama ya mtu aliyefia kazini. Walter Byers, aliyeiongoza NCAA kuanzia 1951 hadi 1987, na wenzake wakalishikilia neno hilo ili mchezaji asije akaonekana mfanyakazi. Mjane akashindwa. Byers mwenyewe uzeeni aligeuka akaupinga mfumo alioujenga, lakini wakati huo neno lilikuwa limeshakomaa.

Chini ya neno hilo walipita watu wetu. Mwaka 1978 Henry Rono wa Nandi, akiwa mwanafunzi wa Washington State, alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81: mita 5,000, kuruka viunzi na maji, mita 10,000, kisha mita 3,000. Wakati huo riadha yote duniani ilikuwa ya ridhaa, hivyo siwezi kuitwika NCAA peke yake mzigo huo. Rono aliishi miaka mingi ya taabu Marekani, akarudi nyumbani 2019, akafariki Februari 2024. Suleiman Nyambui wa Tanzania alishinda mita 10,000 za vyuo mara nne mfululizo akiwa na chuo cha El Paso. Ninayemfikiria zaidi, hata hivyo, ni Edward Cheserek, kwa sababu yeye alikimbia wakati pesa zimeshajaa kila mahali isipokuwa mfukoni mwake. Kati ya 2013 na 2017 alishinda mataji 17 ya vyuo kwa ajili ya Oregon. Oregon ndicho chuo alichokimbilia Phil Knight, mmoja wa waasisi wa Nike, na alama ya kampuni hiyo iko kifuani mwa kila mchezaji wa pale. Kijana wa kutoka Marakwet akaibeba alama ile miaka minne, akavuka nayo utepe mara kumi na saba mbele ya kamera, na kwa mujibu wa kanuni ilikuwa fulana tu.

Aliyeanza kulitikisa jumba alikuwa Ed O'Bannon, bingwa wa kikapu wa 1995 na chuo cha UCLA. Alitembelea nyumba ya rafiki, akamkuta mtoto anacheza mchezo wa video, na ndani ya mchezo yuko yeye: urefu wake, upara wake, mkono wake wa kushoto, namba yake 31. Jina tu ndilo halikuwepo. Akashtaki 2009, na 2014 Jaji Claudia Wilken akampa ushindi. Nilipoisoma habari hiyo nilikuwa nimesharudi Kenya, nasahihisha insha. Niliiweka kalamu chini. Miaka yote ile nilidhani kalenda yangu ilikuwa heshima.

Yaliyofuata yalikwenda kasi. Septemba 2019 California ikatunga sheria ya kuwaruhusu wachezaji wauze haki ya jina, sura na mfanano wao. Juni 2021 majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu wakaiangusha NCAA katika kesi ya Alston. Kesi yenyewe ilihusu mambo madogo, kompyuta na marupurupu ya masomo, lakini Jaji Brett Kavanaugh akaongeza maoni yake kwamba hakuna sekta nyingine Marekani ambako waajiri wangekubaliana kutowalipa watu wao bei ya soko halafu waachwe. Siku kumi baadaye, Julai 1, NCAA ikafungua mlango. Siku hiyo hiyo pacha wawili wa kikapu wa chuo cha Fresno State, Haley na Hanna Cavinder, walikuwa kwenye bango la Times Square, New York, wakitangaza kampuni ya simu.

Na Juni 2025 Jaji Wilken yule yule akaidhinisha mapatano makubwa kuliko yote: dola bilioni 2.8 za kuwafidia wachezaji wa miaka iliyopita, na ruhusa kwa vyuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Fidia hiyo hainifikii, miaka yangu iko nyuma mno. Wala siidai.

Basi mpwa wangu alifika katika ulimwengu huo mpya akiwa na matumaini, akakuta mlango umefunguliwa kweli, ila kwa ndani kuna wavu. Viza yake ni ya mwanafunzi. Viza hiyo inamruhusu kufanya kazi ndani ya chuo, saa ishirini kwa wiki wakati wa masomo, kama nilivyopiga deki mimi. Kazi ya nje bila idhini maalumu ni kosa la uhamiaji, na kupiga picha za tangazo kwa malipo kunaweza kuhesabiwa kazi. NCAA haimkatazi tena. Anayemkataza sasa ni serikali, na serikali haifungii mtu mechi nne, inamrudisha kwao.

Wanaishi vyumba viwili jirani, yeye na mwenzake wa timu kutoka Ohio. Huyo wa Ohio ni mvulana mzuri, ameshawahi kuongea nami kwa video. Kwenye mita 10,000 mpwa wangu humwacha dakika moja na zaidi. Lakini wa Ohio ana mkataba na mkahawa mmoja wa mjini, anakula bure mara mbili kwa wiki na kupata dola kadhaa kwa kuposti sahani yake. Huyu wetu humsindikiza. Anakaa mezani, anaishika simu na kumpiga mwenzake picha. Aliponisimulia hilo alicheka. Mimi sikucheka.

Ukubwa wa jina haumwokoi mtu hapo. Oscar Tshiebwe ni mtoto wa Lubumbashi, mji ambao Kiswahili ndicho lugha ya mtaani. Mwaka 2022 alitajwa mchezaji bora wa kikapu wa vyuo Marekani nzima akiwa na chuo cha Kentucky, katika jimbo ambako kikapu ni dini ya pili. Kampuni zilimtaka, viza ikakaa katikati. Agosti mwaka huo timu ikasafiri kwenda Bahamas kucheza mechi za kirafiki, na kwa kuwa Bahamas si Marekani, siku zile zikajaa shughuli: kupiga picha, kurekodi matangazo, kutia saini. Mchezaji bora wa nchi ilibidi avushwe bahari ili auze sura yake. Mawakili wakaona ni ujanja halali, na nakubali ni halali, lakini mtu akikuambia haki yako iko ng'ambo ya maji unapaswa kumtazama vizuri usoni.

Marafiki zangu tuliokimbia pamoja, tuna kikundi cha WhatsApp, wengi wanasema pesa zimeharibu michezo. Wanataja vijana wanaohama chuo kila mwaka kufuata dau, na matajiri wanaochanga mamilioni kununua timu. Ni kweli pamegeuka mnada. Ila makocha wamekuwa wakihama kufuata dau tangu zamani, wengine wakiacha timu katikati ya msimu, na hakuna aliyesema mchezo umeharibika. Malalamiko yalianza siku alipohama anayetokwa na jasho.

Hofu yangu mimi ni nyingine. Pesa za mapatano haya zinakwenda kwenye futiboli na kikapu cha wanaume, na lazima zitoke mahali. Mapatano yameweka pia idadi ya juu ya wachezaji: 45 kwa riadha, 17 kwa mbio za nyika. Washington State, chuo cha Rono, mwaka 2025 kilitangaza kinaachana na mitupo na miruko ili nguvu ziende kwenye mbio ndefu. Mkenya anaweza kulisoma hilo akafurahi, kwamba mbio zetu ndizo zilizobaki. Mimi nilimfikiria mrusha tufe. Na nikafikiria Wamarekani ambao tayari wananung'unika kwamba makocha wanajaza timu Wakenya waliokomaa. Kila nafasi inapopungua, mnung'uniko huo unapata meno, na atakayeusikia kwanza ni kijana wetu aliyekaa peke yake kwenye basi.

Turudi kwenye ujumbe wa saa tisa usiku. Kampuni iliyomtaka ni ndogo, inauza saa za mazoezi, na dau lenyewe si la kununulia hata pikipiki. Afisa wa wanafunzi wa kigeni chuoni alimwambia asitie saini chochote akiwa ndani ya nchi, na kwamba kwa kazi atakayoifanya akiwa nyumbani likizoni amtafute wakili wa uhamiaji. Wakili akapatikana, akasema jambo linawezekana iwapo kila kitu kitafanyika Kenya. Na hata likifanyika Kenya, dau likifika dola 600 ni lazima aliripoti kwenye mfumo mpya wa kuchunguza mikataba. Kwa hiyo Desemba hii, Mungu akipenda, kijana atasimama chini ya lango la mji wa Iten lililoandikwa kwamba hapa ni nyumbani kwa mabingwa, na mpiga picha wa kutoka Eldoret atampiga picha akikimbia mita hamsini, arudi, akimbie tena. Bahamas yetu ni Iten.

Alinitumia mkataba wenyewe, kurasa kumi na moja. Nikauchapisha shuleni, nikaukalia usiku na kalamu nyekundu, kama insha ya mtahiniwa. Jina lake lilikuwa limekosewa katika kurasa mbili, nikalisahihisha. Ukurasa wa saba nikakutana na sentensi inayoipa kampuni haki ya kutumia jina, sura na sauti yake duniani kote, katika chombo chochote kilichopo au kitakachobuniwa, milele.

Nikaisoma mara tatu. Dau la chini ya bei ya pikipiki, milele. Nikampigia.

"Umeona ukurasa wa saba?"

"Nimeona, mjomba. Wamesema ndiyo kawaida."

"Mwambie wakili afute hilo neno la mwisho. Aandike miaka miwili."

Akanyamaza. Nyuma yake nilisikia mlango ukifunguliwa na wa Ohio akisalimia. "Na wakikataa?"

"Wakikataa, njoo Desemba unywe maziwa ya mursik, ukimbie bure kama tulivyokimbia wote. Lakini neno hilo hulitii saini."

Barua imepelekwa Jumatatu. Hadi naandika haya hawajajibu.